Kitenzi ὄμνυμι, "kuapa" kwa Kigiriki cha kale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara kwa wanaojifunza Kigiriki cha kale, wawe wanasoma Homeros au Agano Jipya. Anza mwanzo kama kitenzi hiki ni kigeni kwako. Kama umekwama kwenye umbo moja tu, nenda moja kwa moja kwenye swali lake. Istilahi za sarufi nimezitumia zile za Kiswahili pale zilipo (kitenzi-jina, uradidi, kiambishi). Zisipokuwepo nimeziswahilisha: aoristi (umbo la tendo linalotazamwa kwa ujumla, mara nyingi lililopita), akusativu (umbo la jina likiwa yambwa), dativu (la anayepewa kitu), genetivu (la mwenye kitu).

## Mambo ya mwanzo

ὄμνυμι ni nini na inasomwaje?

Ni "naapa", "ninakula kiapo". Mtu anatamka neno na kumwita mungu, au kitu kitakatifu, kiwe shahidi na kimwadhibu akidanganya. Kisome *omnumi*, mkazo ukiwa mwanzoni. Ile υ Waathene waliitamka midomo ikiwa imebinywa kama ya *u* huku ulimi ukikaa mahali pa *i*. Ukisoma *omnimi* kama Wagiriki wa leo, hakuna atakayekulaumu.

Kamusi yangu moja ina ὄμνυμι, nyingine ina ὀμνύω. Ni vitenzi viwili?

Ni kimoja. Umbo la -μι ndilo la zamani, na la -ω limejengwa kwa kufuata vitenzi vingi vya kawaida. Usidhani la -ω lilizuka zama za mitume. Homeros mwenyewe ana ὀμνυέτω, "na aape", katika kitabu cha 19 cha Iliad, utenzi wake wa vita vya Troya, na hilo ni umbo la -ω kabisa.

Katika Kikoine, yaani Kigiriki cha zama za Agano Jipya, la -ω lilishinda, ila la kale halikufa. Fungua habari ya Petro kumkana Yesu. Mathayo 26:74 inasema alianza ὀμνύειν, kwa mtindo wa -ω. Marko 14:71, katika matoleo yanayotumika vyuoni leo, inasema ὀμνύναι, kwa mtindo wa -μι. Tukio ni lilelile na maana ni ileile. Mhubiri anayejenga hoja juu ya tofauti hiyo anajenga juu ya hewa.

Mzizi wake ni upi?

Mzizi ni ὀμο-. Ile -νυ- ni alama ya wakati uliopo tu, kama ilivyo katika δείκνυμι (naonyesha) na ζεύγνυμι (nafunga nira). Ukitoka nje ya wakati uliopo na wakati uliopita usiotimilika, -νυ- inapotea na ὀμο- inajitokeza: ὤμοσα, ὀμόσαι, ὀμώμοκα, ἀνώμοτος (asiyeapa). Kwa maoni yangu hili ndilo jambo moja la kushika kuhusu umbo la kitenzi hiki. Mwanafunzi anayetafuta -νυ- kila mahali hatakitambua kitenzi hiki nusu ya mara anazokutana nacho.

Wanaolinganisha lugha za Kihindi-Kiulaya wanakihusisha na kitenzi cha Kisanskriti chenye maana ya kushika kwa nguvu na pia kuapa. Inaingia akilini, kwa sababu viapo vingi vya kale viliapwa mkono ukiwa umeshika kitu. Mfano mzuri uko kwenye swali la kiapo cha jambo lililopita, hapo chini.

Lazima nikariri sehemu zote sita?

Ni maumbo sita ambayo maumbo mengine ya kitenzi hujengwa juu yake: ὄμνυμι, ὀμοῦμαι, ὤμοσα, ὀμώμοκα, ὀμώμομαι (au ὀμώμοσμαι), ὠμόθην (au ὠμόσθην). Kariri nne za kwanza. Mbili za mwisho ni za kauli ya kutendwa, "kiapo kimeapwa", na hukutana nazo mara chache. Zitambue tu ukiziona.

## Maumbo yanayosumbua

Wakati uliopo unaendaje?

Umoja: ὄμνυμι, ὄμνυς, ὄμνυσι(ν). Wingi: ὄμνυμεν, ὄμνυτε, ὀμνύασι(ν). Katika umoja υ ni ndefu, katika wingi ni fupi. Kitenzi-jina ni ὀμνύναι. Partisipi, yaani "akiapa, mwenye kuapa", ni ὀμνύς kwa mwanamume na ὀμνῦσα kwa mwanamke. Amri kwa mtu mmoja ni ὄμνυ, na kwa Homeros utakuta pia ὄμνυθι. Wakati uliopita usiotimilika una sura mbili, ὤμνυν na ὤμνυον, kwa sababu ileile ya -μι na -ω.

Kwa nini wakati ujao ni ὀμοῦμαι, sura ya kauli ya kati (iliyo kati ya kutenda na kutendwa), ilhali maana ni ya kutenda?

Kitenzi hiki hakiko peke yake. Vitenzi vingi vya Kigiriki vinavyohusu sauti, kusikia na mwili vina wakati ujao wa sura ya kati: ἀκούσομαι (nitasikia), βοήσομαι (nitapaza sauti), ᾄσομαι (nitaimba). Maana inabaki ya kutenda. Tafsiri "nitaapa", basi, wala usitafute "nitajiapia".

Vimalizio vyake vimeungana kama vya ποιοῦμαι: ὀμοῦμαι, ὀμεῖ, ὀμεῖται, ὀμούμεθα, ὀμεῖσθε, ὀμοῦνται. Homeros anakitumia kwa kishindo pale shujaa Akhilleus, akiwa ameshika fimbo ya enzi, anapomwambia mfalme Agamemnon kwamba ataapa kiapo kikubwa: ἐπὶ μέγαν ὅρκον ὀμοῦμαι.

Angalizo: katika Kigiriki cha baadaye, Plutarkhos akiwa mmoja wao, utakuta pia ὀμόσω kwa maana ya "nitaapa". Kwa waandishi wa Athens wa karne ya 5 na ya 4 KK, ὀμόσω ichukulie kwanza kuwa aoristi ya hali ya dhamiri ("niape"), si wakati ujao.

Nimekutana na ὀμόσας. Nimepekua kamusi nzima sikuipata. Ni nini?

Ni partisipi ya aoristi: "akiisha kuapa". Aoristi yenyewe ni ὤμοσα, "niliapa". Ile ω ya mwanzo ni ο iliyorefushwa kuonyesha wakati uliopita. Alama hiyo inakaa kwenye kauli ya taarifa tu. Ukienda kwenye kitenzi-jina, amri au partisipi, ο inarudi fupi: ὀμόσαι, ὄμοσον, ὀμόσας.

Kwa Homeros mambo mawili yanabadilika. Kwanza, urefushaji unaweza kuachwa hata kwenye taarifa, kwa hiyo ὄμοσεν ni "aliapa" vilevile. Pili, σ inaweza kurudufiwa ili mizani ya shairi ikae sawa. Nabii Kalkhas, akimwogopa Agamemnon, anamwambia Akhilleus μοι ὄμοσσον, "niapie". Σ mbili hizo haziongezi chochote kwenye maana.

ὀμώμοκα imetokea wapi na kwa nini ni ndefu hivyo?

Ni njeo timilifu: "nimeapa, na kiapo kinanifunga hadi sasa". Vitenzi vingi vya Kigiriki hufanya uradidi kwa kurudia konsonanti ya kwanza pamoja na ε. Kitenzi kinachoanza kwa irabu hakina konsonanti ya kurudia, kwa hiyo baadhi yao huchukua irabu na konsonanti inayofuata, kisha irabu ya pili ikarefushwa: ὀμ-ώμ-οκα. Wanasarufi wanauita uradidi wa Kiattiki, ingawa haukuwa wa Attika, eneo la Athens, peke yake. Ndugu zake ni ἀκήκοα (nimesikia) na ἐλήλυθα (nimekuja).

Mstari uliolifanya umbo hili lijulikane umo katika *Hippolytos* ya Euripides, tamthilia iliyoonyeshwa mwaka 428 KK. Yaya amemwapisha kijana Hippolytos asitoe siri, halafu ndipo anamfunulia siri yenyewe: mama yake wa kambo anampenda. Kijana anafoka: ἡ γλῶσσ᾽ ὀμώμοχ᾽, ἡ δὲ φρὴν ἀνώμοτος, "ulimi umeapa, lakini moyo haukuapa". Watu wa Athens waliunukuu mstari huo kama ushahidi kwamba Euripides anafundisha watu kuvunja viapo. Walimwonea. Hippolytos yule yule ananyamaza hadi mwisho, na kunyamaza kwake ndiko kunakomuua.

Sasa iangalie ile χ. Kwa nini ὀμώμοχ᾽ na si ὀμώμοκ᾽? Neno kamili ni ὀμώμοκε. Ε ya mwisho imemezwa kwa sababu neno linalofuata linaanza kwa irabu, na neno hilo, ἡ, lina pumzi nzito, yaani sauti ya *h*. Κ ikikutana na *h* inageuka χ. Mwaka 405 KK Aristophanes alimkejeli Euripides katika *Vyura*: mungu Dionysos, aliyekuwa ameapa kumrudisha Euripides kutoka kuzimu, anageuka na kusema ἡ γλῶττ᾽ ὀμώμοκ᾽, Αἰσχύλον δ᾽ αἱρήσομαι, "ulimi umeapa, ila nitamchagua Aiskhylos", mtunzi mwenzake. Hapo κ imebaki κ, kwa kuwa jina Αἰσχύλος linaanza kwa pumzi laini, yaani bila *h*. Mistari hii miwili ukiiweka pamoja utaielewa kanuni hii kuliko ukisoma kurasa tatu za sarufi.

Nachanganya na ὁμοῦ, ὅμοιος, ὦμος. Nifanyeje?

Tazama alama ya pumzi. ὁμοῦ (pamoja) na ὅμοιος (anayefanana) zina pumzi nzito, na kitenzi chetu daima kina pumzi laini. ὦμος ni bega na ὠμός ni mbichi. Hizo zina pumzi laini kama kitenzi chetu, ila ni majina na vivumishi vyenye vimalizio vyao. Mtego halisi ni ὤμοσα, ambayo anayesoma haraka huidhania kuwa inatokana na bega.

## Kuunda sentensi

Mungu anayeapiwa anakaa wapi katika sentensi?

Katika akusativu, bila kihusishi chochote. Kiswahili kinadai "kwa": naapa *kwa* Mungu. Kigiriki cha kale kinamweka mungu moja kwa moja kama yambwa ya kitenzi. Kiapo cha Hippokrates kinaanza hivi: ὄμνυμι Ἀπόλλωνα ἰητρὸν καὶ Ἀσκληπιὸν καὶ Ὑγείαν καὶ Πανάκειαν, "naapa kwa Apollon tabibu, na Asklepios, na Hygieia, na Panakeia". Majina yote manne ni akusativu.

Kiapo chenyewe pia huwa akusativu: ὅρκον ὀμόσαι, kuapa kiapo. Yule anayepewa ahadi huwa dativu, kama μοι ya Kalkhas hapo juu. Basi ukikuta akusativu mbili kando ya kitenzi hiki usishtuke. Moja inaweza kuwa kiapo na nyingine mungu.

Kuna pia κατά na genetivu, hasa pale mtu anapoapa juu ya mnyama wa sadaka. Mkataba wa mwaka 420 KK kati ya Athens, Argos, Mantineia na Elis, ulionakiliwa na mwanahistoria Thukydides, unaagiza kila upande uape kiapo chake kikubwa cha kienyeji κατὰ ἱερῶν τελείων, juu ya wanyama wazima wa sadaka. Umbo la ἐν na dativu ni la Agano la Kale la Kigiriki na Agano Jipya. Liangalie kwenye swali la Mathayo na Yakobo.

Kiapo cha kuahidi kinatofautianaje na kiapo cha kuthibitisha jambo lililopita?

Angalia kitenzi-jina kinachofuata. Ahadi huchukua kitenzi-jina cha wakati ujao. Kalkhas anamtaka Akhilleus aape ἀρήξειν, kwamba *atamsaidia*. Katika kiapo cha Hippokrates ni ποιήσειν, kwamba *atafanya*. Jambo lililopita mara nyingi huchukua kitenzi-jina cha aoristi, na kukanusha ni kwa μή, si οὐ. Wanafunzi wazuri kabisa huikosea hiyo μή, kwa sababu wamezoea kwamba habari ya kweli hukanushwa kwa οὐ.

Mfano ninaoupenda umo katika kitabu cha 23 cha Iliad, kwenye michezo ya mazishi ya Patroklos. Kijana Antilokhos amempita Menelaos kwa hila penye njia nyembamba, magari yalipokaribia kugongana. Menelaos hamwiti mwongo mbele za watu. Anamwambia asimame mbele ya farasi na gari lake, ashike mjeledi ule ule aliokuwa akipigia, aweke mkono juu ya farasi, kisha: ὄμνυθι μὴ μὲν ἑκὼν τὸ ἐμὸν δόλῳ ἅρμα πεδῆσαι, "apa kwamba hukuzuia gari langu kwa makusudi na hila". Mungu wa kuapiwa ni Poseidon mtikisa-ardhi, mwenye farasi. Πεδῆσαι ni aoristi, na μή ndiyo kanusho. Antilokhos haapi. Anaomba radhi kwa ujana wake na kumpa Menelaos yule farasi jike aliyempata kama tuzo.

Na ἦ μήν je?

Ni maneno ya kufungulia kiapo, kama kusema "kweli kabisa kwamba…". Homeros ana ἦ μέν na Waathene ἦ μήν. Yanakuonya tu kwamba linalofuata ndilo lililoapwa.

Kuna viapo visivyo na kitenzi kabisa. Vinaendaje?

Kwa vineno viwili, μά na νή, vikifuatwa na akusativu. νὴ Δία ni "ndiyo, kwa Zeus". μὰ Δία huwa cha kukana, au οὐ μὰ Δία kwa mkazo. Ukitaka μά ikubali, tanguliza ναί: ναὶ μὰ Δία. Katika mazungumzo ya Plato na vichekesho vya Aristophanes vimejaa tele, na mara nyingi havina uzito wa kiapo cha mahakamani. Vinafanya kazi kama "wallahi" ya kijiweni. Anayevisema hajaitisha mashahidi wa mbinguni kila mara, lakini pia si neno tupu.

## Waliapa kwa nini, na kwa kuogopa nini?

Walimtaja mungu gani?

Inategemea nani anaapa na wapi. Zeus ndiye mlinzi mkuu wa viapo, na akiwa na kazi hiyo anaitwa Horkios. Katika baraza la Olympia palikuwa na sanamu yake yenye radi katika kila mkono, na Pausanias anasema mbele yake wanamichezo waliapa juu ya vipande vya nyama ya nguruwe kwamba hawatafanya hila kwenye mashindano.

Wanawake wa Athens waliapa kwa "miungu wawili wa kike", νὴ τὼ θεώ, yaani Demeter na binti yake. Sokrates alikuwa na wake, νὴ τὸν κύνα, "kwa mbwa". Na miungu wenyewe waliapa kwa maji ya Styx, mto wa kuzimu. Hesiodos anaeleza kwamba mungu akiapa uongo kwa Styx hulala bila pumzi mwaka mzima, kisha hufukuzwa kwenye vikao na karamu za wenzake kwa miaka tisa.

Orodha iliyo tofauti na zote ni ya vijana wa Athens walioingia jeshini. Kiapo chao kimehifadhiwa kwenye jiwe la karne ya 4 KK kutoka Akharnai. Baada ya kuwataja Aglauros, Hestia, Ares, Zeus, Herakles na wengine, wanaita mashahidi wa mwisho: mipaka ya nchi yao, ngano, shayiri, mizabibu, mizeituni, mitini. Kijana anaapa kwa shamba atakalolilinda.

Kama mtu alitaka kuapa uongo, nani angemjua?

Herodotos ana hadithi ya Glaukos, Msparta aliyesifiwa kwa uaminifu. Mtu wa Mileto aliweka fedha kwake. Watoto wa mwenye mali walipokuja kudai, Glaukos alisema hakumbuki, akawapa muda, kisha akaenda Delphi kuuliza kama anaweza kuapa na kubaki na fedha. Mungu alimjibu kwa shairi: kwa sasa ni faida kushinda kwa kiapo na kujitwalia mali, basi ὄμνυ, apa, maana kifo kinamngoja hata mwenye kiapo cha kweli. Ila Kiapo ana mtoto asiye na jina, hana mikono wala miguu, naye hufuata mbio mpaka amshike mtu na kuangamiza uzao wake wote na nyumba yake yote.

Glaukos aliomba msamaha. Kuhani wa kike akamwambia kumjaribu mungu na kutenda ni sawa. Alirudisha fedha, lakini Herodotos anasema hapakubaki mzao wa Glaukos hata mmoja Sparta. Wanaotafuta mfano wa amri ὄμνυ iliyosemwa kwa kejeli hawatapata bora zaidi.

Wanawake wa Athens hawakutoa ushahidi mahakamani. Waliruhusiwa kuapa?

Ndiyo, nje ya baraza, upande mmoja ukitoa changamoto na mwingine ukikubali. Katika hotuba zilizohifadhiwa pamoja na za Demosthenes kuna kesi ya Mantias na mwanamke aitwaye Plangon. Mantias hakutaka kuwatambua watoto wa Plangon kuwa wake. Kwa mujibu wa mwana mwingine wa Mantias, wawili hao walipatana kwa siri: Mantias amwambie aape, Plangon akatae, naye apewe fedha, mina 30. Siku ilipofika, Plangon alisimama katika hekalu la Delphinion akaapa kwamba watoto ni wa Mantias. Mantias hakuwa na njia. Aliwatambua.

## Katika Agano Jipya

Mathayo 5:34 na Yakobo 5:12 yanasema jambo moja. Mbona Kigiriki ni tofauti?

Yakobo anaandika μὴ ὀμνύετε, μήτε τὸν οὐρανὸν μήτε τὴν γῆν, yaani "msiape, wala kwa mbingu wala kwa nchi". Mbingu na nchi ziko katika akusativu tupu, kama Apollon wa Hippokrates. Mathayo anaandika μὴ ὀμόσαι ὅλως, kisha ἐν τῷ οὐρανῷ, kwa kihusishi ἐν. Hiyo ἐν inafuata Kiebrania, ambacho huapa kwa kihusishi *be-*, na iliingia kupitia tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale. Mstari wa 35 una hata εἰς Ἱεροσόλυμα, "kwa Yerusalemu".

Katika Kiswahili yote yanakuwa "kwa", na tofauti inafichika. Wala si tofauti ya mafundisho. Ni ya mtindo wa lugha, na inashangaza kidogo kwamba Yakobo, waraka uliojaa harufu ya Kiyahudi, ndio wenye sarufi ya Kigiriki cha jadi hapa. Ingawa tazama pia ὀμνύετε: ni umbo la -ω. La kale lingekuwa ὄμνυτε.

Kwa wanaopenda hesabu, kitenzi hiki kimetokea mara 26 katika Agano Jipya, na nusu yake, 13, ni Mathayo. Waebrania inafuata kwa mara 7.

Waebrania 3:11 kwa Kigiriki inasema "ikiwa wataingia". Biblia ya Kiswahili inasema hawataingia. Nani amekosea?

Hakuna. Kigiriki ni ὡς ὤμοσα… εἰ εἰσελεύσονται, neno kwa neno "kama nilivyoapa… ikiwa wataingia". Ni umbo la kiapo cha Kiebrania ambacho nusu yake inaachwa bila kusemwa: "ikiwa wataingia, basi na linipate baya fulani". Kwa kuwa laana imemezwa, "ikiwa" inabaki na maana ya kukana: hawataingia kamwe. Marko 8:12 ina εἰ hiyohiyo, Yesu anaposema kizazi hiki hakitapewa ishara. Watafsiri wa Kiswahili walifanya walichopaswa kufanya.

Mungu anaapa kwa nani?

Waebrania 6:13 inajibu: kwa kuwa hakuwa na aliye mkuu kuliko yeye, ὤμοσεν καθ᾽ ἑαυτοῦ, aliapa kwa nafsi yake. Ni κατά na genetivu, ile tuliyoiona kwenye mkataba wa mwaka 420 KK.

ὁρκίζω nayo ni kuapa?

Hapana, ni *kuapisha*, kumfunga mwingine kwa kiapo. Katika Marko 5:7 mtu mwenye pepo anamwambia Yesu ὁρκίζω σε τὸν θεόν, "nakuapisha kwa Mungu", tena kwa akusativu mbili: anayeapishwa na anayeapiwa. Kiambishi ἐξ kikiongezwa tunapata ἐξορκίζω, neno la kuhani mkuu katika Mathayo 26:63. Ndiko linakotoka pia jina la wapunga pepo wa Matendo 19:13.

## Pembeni kabisa

ἐπιορκέω ni kuapa uongo au kuvunja kiapo?

Yote mawili, na wakati mwingine wala si hayo. Katika kitabu cha 10 cha Iliad, Hektor wa Troya anamwapia jasusi wake Dolon kwamba hakuna Mtroya mwingine atakayepanda farasi wa Akhilleus, na Homeros anasema ἐπίορκον ἐπώμοσε, aliapa kiapo cha uongo. Hektor hakukusudia kudanganya. Dolon aliuawa usiku uleule na ahadi ikabaki bila kutimia. Kwa Homeros hilo linatosha.

La ajabu zaidi ni sheria za Solon, mtunga sheria wa kale wa Athens. Lysias, mwandishi wa hotuba za mahakamani, katika hotuba ya 10, analisoma neno hilo katika sheria ya zamani na kuwaeleza waamuzi kwamba hapo ἐπιορκήσαντα ni sawa na ὀμόσαντα, "akiisha kuapa", bila uongo wowote. Waathene wa karne ya 4 KK walihitaji kufafanuliwa sheria zao wenyewe.

Viambishi awali vinabadilishaje maana?

ἀπόμνυμι ni kukana kwa kiapo. ἐπόμνυμι ni kuapa juu ya jambo, na kwa washairi ἐπί hutengana na kitenzi, kama katika ἐπὶ μέγαν ὅρκον ὀμοῦμαι. διόμνυμι ni kuapa kwa uzito. ἐξόμνυμι ni kukataa jambo kwa kiapo: shahidi wa Athens aliyeitwa na hakutaka kushuhudia aliweza kuapa kwamba hajui au hakuwepo, na kiapo hicho kiliitwa ἐξωμοσία.

συνόμνυμι ni kuapa pamoja, na kutoka hapo kula njama. Katika Matendo 23:13 wale zaidi ya arobaini waliojifunga wasile wala wasinywe mpaka wamuue Paulo walifanya συνωμοσία.

Mgiriki wa leo akiapa husema ὄμνυμι?

Husema ορκίζομαι, kutoka ὁρκίζω ileile, sasa ikiwa "naapa" badala ya "naapisha". ὄμνυμι imebaki kwa wasomi na katika maneno yaliyozaliwa nayo. Συνωμοσία bado ni njama, na εξωμότης ni mtu aliyeiasi dini yake.